Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandika mapendekezo na kutangaza maamuzi kazini

Maswali haya yametoka kwa watu wanaofanya kazi Dodoma na wilaya zake: maofisa wa wizara pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, watendaji wa kata na vijiji, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wasimamizi wa miradi, na wenye biashara zenye wafanyakazi watano au kumi. Ofisi zao hazifanani, ila wanauliza yale yale. Yamepewa namba ili tusirudie. Ukiona "tazama swali la 9", nenda huko.

## Mambo ya msingi

1. Pendekezo na uamuzi vinatofautianaje?

Anayependekeza anaomba. Anayeamua anafunga mjadala, na mambo yakiharibika lawama ni zake. Pendekezo linaweza kukataliwa na asiwepo aliyevunja utaratibu. Uamuzi ukishatoka, asiyeutekeleza ana la kujibu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko vijijini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo wajumbe wa halmashauri, ambao kisheria ni kati ya 15 na 25, wakikaa na kukubaliana kwamba eneo fulani apewe mtu anayetaka kulima zabibu, walichonacho mkononi bado ni pendekezo. Mwenyekiti akitoka nje na kumwambia yule mtu "tumeshakupa", ametangaza uamuzi ambao haujafanyika. Yanayofuata hapo unayajua.

Ofisini ni hivyo hivyo. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, jiulize mwenye mamlaka ya jambo hili ni nani. Kama ni wewe, andika "nimeamua". Kama ni mwingine, andika "napendekeza". Kuandika "tumeona ni vyema" kunamwacha msomaji hajui kama anaombwa au anaarifiwa, na mara nyingi mwandishi mwenyewe pia hajui.

2. Jambo lenyewe niliweke mwanzo au mwisho?

Mwanzo. Sentensi ya kwanza baada ya salamu.

Wengi tumefundishwa kuandika kama tunavyosimulia: historia ya jambo, umuhimu wake, changamoto, kisha ombi mwishoni kabisa. Mpangilio huo unamfaa msikilizaji mwenye muda. Mkurugenzi mwenye mafaili thelathini mezani anasoma mistari mitatu ya juu na kuangalia nani amesaini chini. Anayesoma kwenye simu anaona hata pungufu ya hapo. Kama mistari hiyo mitatu inasema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, umeitumia vibaya.

Kuhusu "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu": kichwa cha habari amekwisha kukisoma. Mimi ningeuacha mstari huo. Ukiwa na mkubwa anayeudai, uandike, kisha jambo lenyewe lifuate hapo hapo.

3. Kwenda moja kwa moja si kumkosea mkubwa adabu?

Hili huulizwa na vijana zaidi, na ni swali la haki. Salamu hazipungui. Ukiingia kwa mkubwa, "shikamoo mama" au "shikamoo mzee" ina nafasi yake, habari za safari na za nyumbani zina nafasi yake, na hakuna anayekuharakisha. Ila salamu zikiisha, neno la kwanza la kazi liwe lile lililokupeleka. "Mama, nimekuja kuomba uridhie tubadilishe tarehe ya mafunzo." Baada ya hapo eleza hadi atakaposema inatosha.

Katika maandishi heshima iko kwenye "naomba", kwenye kumtaja mtu kwa cheo chake, na kwenye kutompotezea muda. Kumzungusha mkubwa kurasa tatu ndipo agundue unataka mafuta ya gari, huko ndiko kumkosea.

4. Barua, dokezo, au dokezo sabili?

Barua hutoka nje ya ofisi, au huenda kwa mtumishi binafsi. Dokezo huandikwa ndani ya faili, likijibu folio (karatasi yenye namba ndani ya faili) iliyotangulia, hivyo anayesoma anaona mtiririko wote. Dokezo sabili ni karatasi inayotembea peke yake. Linafaa kwa jambo la haraka, na likirudi lipelekwe masijala, yanakotunzwa mafaili, likawekwe kwenye faili lake, maana likibaki kwenye droo yako uamuzi ule utakuwa haujulikani siku utakayohamishwa. Kwenye ofisi zisizo za serikali, ukurasa mmoja au barua pepe moja inafanya kazi zote tatu.

5. Nani nimpe nakala?

Anayetakiwa kutenda anaandikiwa. Anayetakiwa kujua anapewa nakala. Mtu aliyewekwa kwenye nakala hawezi kulaumiwa kwa kutotekeleza.

## Kuandika pendekezo

6. Pendekezo linalojitosheleza linakuwaje?

Kipimo ni kimoja: mkubwa wako aweze kuandika "Naridhia" pembeni, neno moja tu, na wewe ujue Jumatatu asubuhi unafanya nini. Tuchukue dokezo la afisa kilimo, la kubuni, lakini la aina ambayo umeiona mara nyingi:

*"Kama unavyofahamu, alizeti ni miongoni mwa mazao ya kipaumbele katika halmashauri yetu. Msimu uliopita wakulima walilalamikia ucheleweshaji wa mbegu, jambo lililoathiri uzalishaji. Kutokana na hali hiyo, tunaona ni vyema hatua stahiki zikachukuliwa mapema ili changamoto hii isijirudie. Nawasilisha kwa maelekezo yako."*

Kiswahili chake hakina kasoro. Sasa jaribu kuandika "Naridhia" pembeni yake. Umeridhia nini? Hatua zipi, mapema lini, kwa fedha ipi? Mkurugenzi hana la kufanya ila kuandika "Shughulikia", na faili likirudi afisa yuko pale pale alipokuwa. Linganisha na hili:

*"Napendekeza mbegu za alizeti zifike kata zote sita ifikapo Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, badala ya Januari. Wakulima wa hapa hupanda mvua zinapoanza Desemba. Msimu uliopita mbegu zilifika wengi wakiwa wamekwisha kupanda walizonazo. Yanahitajika gari moja kwa siku tatu na mafuta ya sh. 640,000, yaliyomo kwenye bajeti ya idara. Gari ni lile lile la ukaguzi wa miradi, hivyo ukaguzi utachelewa kwa wiki moja. Naomba uridhie ifikapo Ijumaa tarehe 14 Novemba, saa 9:30 alasiri, ili ghala lianze kupakia Jumatatu ya tarehe 17."*

Tazama sentensi ya ukaguzi kuchelewa. Wengi huificha wakihofia kukataliwa. Lakini mkuu wa kitengo cha ukaguzi atakwenda kulalamika kwa mkurugenzi hata hivyo, na mkurugenzi akilisikia kwake kwanza, pendekezo lako linalofuata atalisoma kwa jicho la shaka. Atakayeumia na pendekezo lako atajwe na wewe, mapema, kwa jina la kitengo chake.

Tazama pia kwamba tarehe ya kujibu imepewa sababu. "Naomba majibu haraka" haimwambii mkubwa akichelewa kitaharibika nini.

7. Niweke chaguo ngapi?

Mawili au matatu, na moja liwe kuacha mambo yalivyo, kwa sababu hilo lipo daima hata usipoliandika. Usiweke chaguo la ovyo ili lako lipendeze. Wakubwa wengi walipitia meza hiyo hiyo na wanalitambua. Baada ya kuyaorodhesha, sema lipi unalipendekeza. Anayeorodhesha na kuishia hapo amempa mkubwa kazi yake mwenyewe.

8. Sina uhakika. Nipendekeze au ningoje?

Tenganisha unachokijua, usichokijua, na kitakachobadilisha msimamo wako. "Napendekeza tuchimbe kisima eneo la shule. Upimaji umeonyesha maji yapo. Majibu ya maabara kuhusu chumvi hayajarudi. Yakionyesha chumvi imezidi kiwango, pendekezo hili ninaliondoa." Dodoma yenye visima vingi vya maji ya chumvi, sentensi hiyo ya mwisho inaokoa fedha. Inakuokoa na wewe pia: hakuna atakayesema ulidanganya.

Kitu cha kuepuka ni shaka iliyotapakaa ukurasa mzima, "huenda", "pengine", "inawezekana kwa kiasi fulani". Shaka iwekwe mahali pamoja, ionekane.

9. Mkubwa ameandika "Tujadili" na faili limerudi. Nifanyeje?

"Tujadili" ina maana mbili: hakuelewa, au ameelewa na hataki kuandika anachofikiri. Katika hali zote mbili omba nafasi siku hiyo hiyo, nenda na nusu ukurasa, usiende na faili zima la kumsomea. Mkimaliza, rudi kwenye faili uandike: "Tumejadili leo. Umeelekeza tuanze na kata mbili, nyingine zisubiri. Naomba uthibitishe." Ukiacha hatua hiyo, folio ya mwisho kwenye faili itabaki "Tujadili", na mkaguzi wa hesabu atakapofika atauliza mlilipa kwa idhini ya nani.

"Nimeona" nayo haijaridhia kitu. Rudisha kwa adabu: "Naomba mwongozo, tuendelee au tusubiri?"

10. Amekataa, na mimi bado naamini niko sahihi.

Rudi mara moja, ukiwa na kitu kipya: takwimu ambayo hakuwa nayo, au gharama iliyobadilika. Kurudi na hoja ile ile kwa maneno makali zaidi hakusaidii. Akikataa tena, tekeleza alichoamua, na dokezo lako libaki kwenye faili. Kumzunguka kupitia mkubwa wake ni kwa mambo ya sheria, usalama wa watu na fedha za umma. Mkiwa mnabishania rangi ya mabango, usifike huko.

## Kutangaza uamuzi

11. Tangazo la uamuzi liwe na nini?

Nini kimeamuliwa, nani ameamua, kinaanza lini, kinamgusa nani, anatakiwa afanye nini, na amwulize nani akikwama. Sababu inaingia pia (tazama swali la 14). Yote haya yanatosha kwenye mistari sita.

Kinachosahaulika zaidi ni kusema nini *hakijabadilika*. Ukitangaza ofisi inahama kutoka Area D kwenda Mtumba, mtumishi anachowaza ni basi, chakula cha mchana na saa ya kumfuata mtoto shule. Usiposema kwamba muda wa kazi unabaki vile vile, ndani ya nusu saa kutakuwa na habari kwamba muda umebadilika, na utatumia wiki kuzikanusha.

12. "Uongozi umeamua" ina ubaya gani?

Inamficha aliyeamua, na mfanyakazi mwenye malalamiko hajui apeleke wapi. Andika cheo: "Mkurugenzi Mtendaji ameamua", "Bodi ya ushirika, katika kikao cha tarehe 6 Machi, iliazimia". Mamlaka yakitajwa, maswali yanakwenda panapostahili, na aliyeamua naye anakuwa makini zaidi. Hapa nina msimamo mkali: kama aliyeamua hataki cheo chake kiandikwe, uamuzi huo haujawa tayari kutangazwa.

13. Kwa nini watu huelewa tarehe na saa vibaya, hata tukiziandika?

Kwa sababu tunaandika kwa mifumo miwili bila kusema. Mwaliko ulioandikwa "kikao saa 8:00" unasomwa na mmoja kuwa saa nane mchana, kama tunavyosema Kiswahili. Mwingine, aliyeupata kutoka kwenye kalenda ya simu, anafika saa mbili asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Dawa ni kuandika kipindi cha siku kila mara: saa 2:00 asubuhi, saa 8:00 mchana. Nambari peke yake isitumwe.

"Robo ya kwanza" ni mtego mwingine. Serikalini mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hivyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba. Kampuni na mashirika mengi huhesabu kuanzia Januari. Halmashauri na shirika wakikubaliana kukabidhiana mradi "robo ya kwanza" bila kutaja miezi, kila mmoja atamwona mwenzake mzembe. Taja miezi na mwaka.

"Kabla ya Ijumaa" inaweza kuwa Alhamisi au Ijumaa jioni. "Mwisho wa mwezi" kwa mhasibu ni siku ya mshahara, kwa wengine ni tarehe 30. "Mapema iwezekanavyo" haina maana yoyote, iache.

Mji huu wenyewe ni mfano wa uamuzi na tarehe zake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, kwa matarajio ya kukamilika ndani ya miaka kumi. Sababu za kuchelewa ni nyingi, fedha ikiwa mbele, wala siwezi kuutwisha uandishi mzigo wote. Lakini angalia namna agizo la 2016 la Serikali kuhamia Dodoma lilivyotembea: kila kiongozi alikuwa na zamu yake. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo huo, Makamu wa Rais Desemba 2017, na 2018 ikatungwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu. Jambo lililogawanywa kwa majina na miezi linafuatilika.

14. Lazima nitoe sababu? Nikieleza si naalika ubishi?

Toa. Ubishi utakuwepo hata usipotoa, tofauti ni kwamba watu watabishania sababu walizobuni wenyewe. Sababu moja au mbili za kweli zinatosha. Ukiorodhesha saba, msomaji atachagua iliyo dhaifu na kuipiga hiyo.

Kwenye ajira sababu ni suala la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayesitisha ajira awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Mfanyakazi asiyeridhika ana siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zikihesabiwa tangu ajira ilipositishwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Barua isiyo na tarehe, au inayosema "huduma yako itaangaliwa upya", inaleta ugomvi wa pili juu ya wa kwanza: siku zilianza kuhesabiwa lini? Barua za namna hii zipitie kwa mtu wa sheria kabla hazijatoka.

15. Namkataliaje mtu bila kumvunja moyo?

Mkatalie kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, kwa neno lisilo na mlango wa nyuma. "Ombi lako la likizo ya tarehe 2 hadi 29 Juni halikukubaliwa, kwa sababu ni kipindi cha kufunga hesabu za mwaka." Kisha mpe kinachowezekana: "Kuanzia tarehe 13 Julai nafasi ipo, nijulishe kama inakufaa." Kinachomvunja mtu moyo ni "linafanyiwa kazi" ya miezi miwili inayogeuka hapana.

16. Natakiwa kutangaza uamuzi ambao mwenyewe siukubali.

Utangaze kwa usahihi, na sababu za aliyeamua, kama angezieleza yeye. Usiseme "mimi nilikataa ila ndiyo wakubwa wameshasema". Utapendwa kwa siku moja, kisha hakuna agizo lako litakalochukuliwa kwa uzito. Ukiulizwa maoni yako, inatosha kusema uliyatoa mahali pake.

## Vikao na muhtasari

17. Kikao kikiisha kila mtu anaondoka na lake. Tufanyeje?

Mwenyekiti asifunge kikao kabla katibu hajasoma maazimio kwa sauti. Dakika tatu. Hapo ndipo mtu atakaposema "hapana, hatukukubaliana hivyo", na ni afadhali aseme wakati wote wako kitini kuliko kwenye kikao kijacho, ajenda ya yatokanayo.

Kwenye muhtasari, tenganisha mjadala na azimio. Azimio liwe na mhusika mmoja na tarehe: "Azimio 4: Mhasibu awasilishe madai ya posho za vibarua wa mavuno ifikapo tarehe 20 Februari." Mkiandika "wajumbe wote wahakikishe", mtaliona tena kikao kijacho, limeandikwa vile vile.

Pale ambapo hamkuafikiana, andikeni hivyo. Kuandika "baada ya majadiliano ya kina wajumbe waliafikiana" wakati watu walitoka wamenuna ni funika kombe mwanaharamu apite, na huyo mwanaharamu hurudi wakati wa utekelezaji. Inatosha: "Wajumbe hawakuafikiana kuhusu bei. Mwenyekiti ataamua ifikapo tarehe 10 Machi baada ya kupata bei za wanunuzi wengine."

18. Muhtasari utoke baada ya muda gani?

Maazimio yatoke siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama muhtasari kamili utachukua wiki. Mhusika hawezi kusubiri wiki kujua ametumwa nini.

## WhatsApp, simu na maneno ya mdomo

19. Tunaweza kutangaza uamuzi kwenye kundi la WhatsApp?

Kama tarishi, ndiyo. Watu wa Kongwa na Mpwapwa watalipata dakika hiyo hiyo. Ila waraka uliosainiwa uwepo, na ujumbe useme uko wapi. Andika uamuzi kwenye maandishi ya ujumbe wenyewe badala ya kutupa picha ya barua iliyopinda ambayo hakuna anayeikuza kuisoma. Weka neno UAMUZI au TAARIFA mwanzoni, ili lisipotee katikati ya salamu za asubuhi na michango ya harusi.

Mambo ya mtu mmoja, kama onyo, uhamisho wa kinidhamu au afya yake, hayaingii kwenye kundi hata kidogo. Ni utu, na tangu 2022 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

20. Bosi kasema kwa mdomo tu, "we endelea". Kesho akikana?

Mwandikie siku hiyo hiyo, kwa upole: "Mkurugenzi, kama ulivyoelekeza leo asubuhi, naendelea kukodi gari la kwenda Kondoa Jumatano tarehe 11, kwa sh. 350,000. Kama nimeelewa vibaya, naomba unirekebishe kabla ya saa 6:00 mchana wa kesho." Weka nakala kwenye faili. Usilifanye lionekane kama mtego. Lifanye desturi yako kwa mambo yote, makubwa na madogo, na hakuna atakayehisi amewindwa. Lakini malipo yanayohitaji idhini ya maandishi yangojee maandishi. Ukimya wa bosi hauwezi kuwa hati ya malipo.

## Hali zisizo za kawaida

21. Uamuzi bado, na watu wanauliza kila siku.

Tangaza kwamba bado, na lini mtasema tena. "Orodha ya watakaohamia jengo jipya haijaamuliwa. Menejimenti itakaa tarehe 18. Tarehe 19 saa 4:00 asubuhi mtapata taarifa, hata kama ni ya kusema kikao hakikufikia mwisho." Kisha tarehe 19 uonekane kweli.

22. Tulitangaza, sasa umebadilika.

Sema wazi kwamba umebadilika, taja tangazo la awali kwa tarehe na Kumb. Na. yake, eleza kilichobadilika na kilichobaki. Usitoe toleo jipya kimyakimya lenye kichwa kile kile. Nusu ya wafanyakazi watakuwa na karatasi ya zamani na wote watakuwa na ushahidi. Aliyetumia fedha yake kwa kufuata tangazo la kwanza aambiwe kama atarudishiwa.

23. Nasaini kama kaimu. Kuna tahadhari?

Andika "Kaimu" au "kwa niaba ya" kama ulivyokaimishwa, na ujue mipaka ya barua yako ya kukaimu. Uamuzi unaoweza kusubiri mwenye ofisi arudi Jumatatu, usubiri.

24. Ripoti ya mtaalamu ni kurasa 60 za Kiingereza, na wanaoamua ni madiwani au wanakijiji.

Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kuanzia mwanzo, ukijibu maswali yao: tunaombwa tukubali nini, tutachangia nini, tutapoteza nini, na tukikataa itakuwaje. Ukitafsiri muhtasari wa kitaalamu uliomo kwenye ripoti utapata Kiswahili ambacho hata wewe hukielewi. Waheshimiwa wakitaka undani, ripoti nzima iwepo mezani na mtaalamu awepo kuijibia.

25. Uamuzi unatangazwa kwenye mkutano wa kijiji, na wazee wengi hawafuati Kiswahili cha ofisini.

Pata mtu wa pale wa kuusema kwa lugha ya nyumbani: Kigogo sehemu kubwa ya Chamwino, Bahi na Mpwapwa, Kirangi Kondoa, Kisandawe baadhi ya vijiji vya Chemba. Mwelekeze kabla ya mkutano, kwa utulivu, umsikie akiurudia. Kumshtukiza mbele za watu kunaleta tafsiri ya kubahatisha. Usimpe sentensi ndefu. Tarehe zifungwe na kitu kinachojulikana, siku ya mnada au kabla ya kuanza kupanda, pamoja na tarehe yenyewe.

Kisha usiulize "mmeelewa?", maana jibu ni "ndiyooo" hata kama hakuna aliyeelewa. Mwombe mzee mmoja na mama mmoja wasimame waeleze kwa maneno yao kilichokubaliwa: mpaka wa malisho umepita wapi, mwisho wa kuondoa mifugo ni lini, faini ni ya nani. Wakitofautiana, rudia hapo hapo. Mkutano Mkuu wa kawaida ni mara moja kila miezi mitatu. Kosa likitoka pale bila kusahihishwa, linakaa msimu mzima. Bandika azimio kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kabla hujapanda pikipiki kuondoka, na nakala ibaki kwa mtendaji.